Betri Iwe Yake Peke Yake

Bwawa la Nyumba ya Mungu,
mwaloni,
kwa mkono wa Mchungaji Tumainieli.

Jumatano, 8 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Anderson,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukishauona mwandiko wangu utasema shikamoo dada hata kama uko mwenyewe ndani ya hiyo nyumba yenu ya mbao. Hujambo? Mkeo hajambo? Na mwanangu Beatha, bado anakohoa au ameshaizoea baridi ya huko Norwei? Sisi huku tu wazima kiasi cha kusimama. Mama kule Vudee hajambo, miguu tu ndiyo inamgomea akipanda kutoka shambani, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako Asheri ana goti lililovimba, na habari za goti hilo utazikuta hapa mbele. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa kinyaa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kikao kimekataza. Ndiyo, kumekuwa na kikao cha ukoo, na wewe ulikuwemo bila kuwepo. Wazee wamesema ujumbe wa simu ndio uliotuletea balaa, kwa hiyo uandikiwe barua kwa kalamu, nawe ujibu kwa kalamu na uweke sahihi. Mchungaji Tumainieli anakuja huko kwa mkutano wa kanisa, ndiye atakayekukabidhi hii, na akirudi arudi na jibu lako. Tafadhali usimwache aondoke mikono mitupu, maana mvua za vuli hazitamngoja.

Nianze na kukukumbusha ulichoandika, maana wewe huenda umeshasahau, lakini huku kuna watu wanakijua kwa moyo kuliko Baba Yetu. Ulipotuletea kile kifaa cha kutafutia samaki kwa mkono wa yule mgeni wa kanisa, na betri kavu ikanunuliwa Moshi kama ulivyoagiza, uliniletea ujumbe huu: "Dada, vifaa vyote mpe Loth, ndiye anayejua waya. Betri iwe yake peke yake, msiichangie." Mimi nikausoma, nikamrushia mdogo wetu Loth kama ulivyo, nikampa vitu vyote, nikarudi kwenye samaki wangu. Sikuona tatizo lolote, na mpaka leo ninapoyaangalia maneno yale nataka kuyatemea mate.

Siku Loth alipokifunga kifaa, mwalo mzima ulikuja kuangalia. Watu wakakiita tivii ya samaki. Kile kidude cha kuzamishwa majini wakakiita sikio. Akina mama wanaokaanga samaki waliacha mafuta motoni wakaja kuchungulia kioo, na mimi nilijidai sana, sikufichi. Nilisema huyu ni mdogo wangu Anderson, hajatusahau, ametuma jicho la kuona chini ya maji. Asheri alifurahi kuliko wote, ila yeye hakufurahia samaki. Alifurahia visiki.

Unajua hili bwawa. Wakati linajazwa, miti iliachwa imesimama, ikafia humo humo. Kiangazi maji yakishuka visiki vinachomoza, unaviona, unavikwepa. Mvua zikianza maji yanapanda kidogo, na hapo ndipo pabaya, maana kisiki kinakuwa chini ya maji kwa kiganja tu na hukioni. Asheri amevua hapa miaka yote hii lakini ni mtu wa mlimani kama sisi, amezaliwa penye mteremko, hajui kuogelea. Kila akiingia kwenye boti mimi husali kimoyomoyo, na huwa simwambii, kwa sababu mwanamume akijua unamwombea hivyo anaona umeshamzika.

Basi ngoja nikwambie vituko vya tivii yako. Wiki za kwanza Asheri alirudi akasema bwawa limejaa samaki. Kila alipopita, kioo kilikuwa na vidoa kuanzia juu mpaka chini, kama ubwabwa uliomwagika. Mimi nikawaahidi mama ntilie wangu wa Same ndoo hadi ndoo. Wakatupa nyavu kwenye vidoa, wakapandisha magugu na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Wakahamia kwenye vidoa vingine, wakapandisha magugu mengine. Nilikwenda Same na perege wa kuhesabika, nikatazamwa na wale akina mama kwa macho ambayo sitayasahau. Mmoja alifungua ndoo, akafunika, akaniuliza kama nimekuja kuuza maji.

Aliyegundua ni Kurwa, yule kijana wa hapa mwaloni anayevua na Asheri. Aliona kwamba mashine ya boti ikizimwa, samaki wote wanatoweka kwenye kioo. Ikiwashwa, wanarudi. Akamwuliza Asheri, "Kaka, hivi hawa samaki wanakunywa petroli?" Tukacheka, tukadhani kifaa chenyewe kinadanganya tu. Hatukujua tunajicheka wenyewe.

Na kulikuwa na jambo la pili. Kila Asheri alipobonyeza kitufe cha kuwashia mashine, kioo kilizima, kinakuwa cheusi tii. Kinakaa hivyo, halafu kinaamka taratibu kama mzee aliyeamshwa usingizini, kinaonyesha alama za kwao huko kwanza, ndipo kinakumbuka kazi yake. Asheri alivumilia. Alisema kuhusu samaki kifaa kinadanganya, lakini mashine ikiwa kimya kinasema kweli juu ya kina cha maji, na yeye anataka kina cha maji.

Sasa goti. Asubuhi moja, kumekucha vizuri kabisa, walikuwa wamemaliza kuinua nyavu upande ule wa visiki. Asheri akabonyeza kitufe, mashine ikawaka, kioo kikazima kama kawaida yake. Wakati anakisubiri kiamke, boti ikasogea na kupanda juu ya kisiki. Ubao wa chini ukapasuka. Kurwa akarushwa majini. Asheri akaangukia mashine kwa goti. Kurwa amezaliwa hapa, maji kwake ni uwanja, akarudi akapanda. Lakini Asheri alishika ukingo wa boti mpaka kucha zikatoka damu, na maji yanaingia, na Kurwa anayachota kwa mfuniko wa deli la barafu mpaka walipookolewa na watu wa boti nyingine. Mume wangu aliletwa nchi kavu. Jioni akaniambia, "Justa, maji yale ni marefu sana."

Tukaivuta boti juu ili fundi aitengeneze. Nikasema pamoja na ubao, aitwe na fundi wa sola kutoka Same aangalie kwa nini hii tivii inasinzia. Akafungua sanduku la betri chini ya ubao wa nyuma. Anderson, humo ndani kulikuwa na betri moja tu. Ya mashine. Waya za tivii zilikuwa zimefungwa juu yake na tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka, kama kidole kilichokatwa na shoka. Fundi akanieleza yale ambayo wewe uliyajua tangu mwanzo: mashine ikitembea inatia kelele kwenye umeme wake, na kifaa kinachokunywa umeme huo huo kinasikia ile kelele kinaona samaki, na kitufe kikibonyezwa mashine inauvuta umeme wote, kifaa kinabaki na njaa, kinazima. Ndiyo maana kinatakiwa betri ya pembeni, isiyogusana na ya mashine. Akaniuliza, "Mama, hamkupewa betri ya pili?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaenda kumtafuta Loth, nikamkuta ananyoa. Hukusikia kwamba mdogo wetu amefungua kibanda cha kinyozi? Na mimi nilijua amefungua, nilimpongeza hata, ila sikuwahi kuingia ndani, maana sina ndevu. Ni kibanda cha mabati nyuma ya soko la samaki. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: PEKE YANGU KINYOZI. Ndani kuna kioo, kiti, harufu ya spiriti na samaki kwa pamoja, na nywele za watu zimetapakaa mpaka mlangoni, hakuna aliyefagia. Na kwenye rafu ya juu, mahali pa heshima, imekaa betri yako. Inveta imefungwa ubavuni, mashine ya kunyolea inanguruma. Na juu ya betri, Anderson, ametandika kitambaa cha kudarizi, kile cheupe cha maua ambacho Asteria mkewe alikuja nacho kutoka kwao. Betri imevishwa kama redio ya sebuleni.

Mume wangu amelala na goti kama boga, na kitu ambacho kingemlinda kimetandikiwa kitambaa ili mashemasi wanyolewe ndevu.

Nikamwambia, "Loth, hiyo betri ni ya boti." Hakushtuka hata kidogo. Akazima mashine, akamwomba radhi mteja aliyebaki na kichwa kilichonyolewa nusu, akatoa simu. Akanisomea ujumbe wako, ule ule niliomrushia mimi mwenyewe. "Vifaa vyote mpe Loth, ndiye anayejua waya. Betri iwe yake peke yake, msiichangie." Akaniangalia. "Dada, yake ni ya nani hapo? Kaka kanitaja mimi." Nikamwambia yake ni ya kifaa, mwehu wewe. Akasema, "Soma mwenyewe. Kifaa kimoja kimetajwa wapi?" Nikasoma. Nikasoma tena. Na hapo ndipo nilipoanza kukuchukia na wewe kidogo, samahani mdogo wangu. Kiswahili ulichosomeshwa na baba mdogo Elinaza kwa fimbo umekipeleka kwenye barafu, na kimeganda.

Ungekuwa ukoo mwingine tungemalizana pale pale, kwa ngumi au kwa machozi. Lakini sisi ni Wapare. Watu wanatutania kwamba kesi haitufuati sisi, sisi ndio tunaifuata, na wanaposema hivyo mimi huwa nanuna. Sitanuna tena. Loth alisema haitoi betri bila kikao, na kikao kikaitwa Vudee, kwa mama.

Walikuja wazee wa kutosha kuhukumu mauaji. Mama alipika makande sufuria kubwa. Baba mdogo Elinaza, ambaye amestaafu ualimu lakini ualimu haujamstaafu, alikuja na chaki mfukoni. Akaandika ujumbe wako wote kwenye mlango wa jiko la mama, akapiga mstari chini ya neno yake, akarudi nyuma akalitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari. Akasema kwamba kwa sarufi, neno hilo humrudia yule aliyetajwa karibu. Vifaa ni vingi, aliyetajwa mmoja ni Loth. Kwa hiyo kwa sarufi, betri ni ya Loth. Ila kwa akili, akasema, betri ni ya kifaa. Na kikao kiamue kama kinafuata sarufi au akili.

Nilidhani watacheka. Walianza kubishana. Mzee mmoja akasema ungeandika kwa Chasu, Kipare chetu, usingetuchanganya. Mwingine akasema hata kwa Chasu ungetuchanganya tu, na huo ukawa ubishi wa pili juu ya ule wa kwanza. Makande yakaliwa, yakaisha, mengine yakabandikwa. Mimi nikasimama nikasema kuna mtu karibu afe maji, hivi samaki wananyolewa? Nikaambiwa nikae, mwanamke ana haki ya kusema lakini asipandishe sauti. Asheri alikaa kwenye gogo, goti limenyooshwa mbele, hakuna aliyemwuliza linaumaje. Walimwuliza kama anakumbuka koma ilikuwa wapi.

Uamuzi ni huu. Kwamba aliyeandika yuko hai, aulizwe mwenyewe alikusudia yake ya nani. Kwamba mpaka atakapojibu, asiitumie Loth wala asiitumie Asheri. Kwamba betri ni kizibiti, ikae kwa mama. Na ndipo ilipo sasa, Anderson. Betri ya kutafutia samaki iko mlimani Vudee, chini ya kitanda cha mama, kwenye baridi na migomba, mahali ambapo samaki anayefika ni wa kukaushwa. Mama anaipangusa vumbi kila asubuhi. Ananiambia isipochajiwa itakufa, kwani kuna mtu kamwambia hivyo, na ni kweli. Tunagombea maiti.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulisema kwenye kikao, kwa sababu nililisikia baada ya kikao.

Tuliposhuka, tulikaa pale stendi ya Same kusubiri gari, mimi na Loth, Asheri amekwenda kutafuta dawa ya kuchua. Sikutaka kumtazama. Akaanza kusema mwenyewe. Akasema, "Dada, unakumbuka kaptula zangu za shule?" Nikasema nakumbuka, ulizitoboa makalio. Akasema hazikuwa zake. Zilikuwa za Anderson. Viatu vya Anderson, sweta ya Anderson yenye jina la Anderson kwenye kola, hata gauni la ubatizo ulikuwa umekwisha kubatizwa nalo wewe. Kitanda alichorithi kilikuwa na shimo la mwili wako. Walimu walimwita mdogo wake Anderson. Akasema siku nilipomrushia ule ujumbe alikuwa amekaa kwenye nyavu anashona, akasoma pale penye yake peke yake, akasimama. Alidhani safari hii umemkumbuka yeye.

Nikamwuliza, "Na hukuuliza hata mara moja? Simu unayo, namba yake unayo." Akasema, "Sikuuliza kwa sababu niliogopa kuambiwa si yangu."

Basi alijua. Au alijua nusu. Mkono uliniwasha nimzabe kibao mbele ya stendi nzima, kisha nikajikuta nimemnunulia chai na maandazi, na hilo lilinichukiza kuliko yote, maana nilitaka kuendelea kumchukia vizuri na akaniharibia. Usidhani nimemsamehe. Angeniacha mjane kwa ajili ya kitambaa cha kudarizi. Lakini nilipomtazama akichovya andazi lake niliona ile kola yenye jina lako.

Kuna la mwisho, na hili ndilo linalonifanya niandike haraka. Boti imeshapigwa kiraka na Asheri amerudi majini. Nilimkataza, akaniuliza tutakula nini, koma za kikao? Tivii ameifungua kabisa ameiweka nyumbani, amesema kifaa kinachozima pale unapokihitaji ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Na mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Ugweno, kila siku yanashuka kidogo. Visiki vitafunikwa.

Siku ya kwanza Asheri anarudi majini, Loth alikuja mwaloni kumekucha. Alikuwa amefunga kibanda chake cha kinyozi. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Alibeba upondo mrefu wa mwanzi, akapanda boti, akakaa mbele kabisa kwenye ncha. Tangu hapo kila siku anakwenda nao. Anachomeka upondo majini mbele ya boti, anapapasa, anapiga kelele: "Kirefu! Kirefu! Kushoto, kisiki!" Asheri anakata kona. Amewakwepesha visiki vingi. Dai lake la betri haachi, amesema anasubiri jibu la kaka. Lakini yuko tayari kuwa kifaa yeye mwenyewe. Kurwa anasema sasa hata mwalimu Elinaza atashindwa, maana lile yake la kifaa na lile yake la Loth yamekuwa kitu kimoja. Watu mwaloni wanacheka. Mimi sicheki. Loth naye hajui kuogelea. Zamani nilikuwa naombea mmoja, sasa wamenifanya niombee wawili, ubishi wa kijinga kiasi hiki sijawahi kuuona duniani, na nimezaliwa Upareni.

Kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Andika karatasi mbili.

Ya kwanza ni ya kikao. Andika hivi: betri ni ya kifaa cha kutafutia samaki, na kifaa ni cha boti ya Justa na Asheri. Weka sahihi. Usiweke neno yake hata mara moja, wala lake, wala chake. Kila kitu kitaje kwa jina lake la ubatizo. Ikifika hiyo karatasi, nitapanda Vudee mwenyewe niitoe betri chini ya kitanda cha mama, niishushe kwa kichwa changu, na kama imekufa nitaizika na tutatafuta nyingine.

Ya pili ni ya Loth, na hii usiipitishe kwa mtu, hata kwangu. Usimweleze mambo ya umeme na kelele za mashine, hayo anayajua kuliko wewe na mimi. Mtumie kitu. Sisemi betri. Iwe soksi, iwe kofia ya baridi ambayo huku hataivaa, lakini kisiwe kimewahi kugusa mwili wako. Kinunue dukani akiwa yeye ndiye unayemwaza. Na juu ya kifurushi uandike kwa mkono wako: Loth, hii ni yako peke yako. Neno yako halina ubishi, hata baba mdogo Elinaza hawezi kuliitia kikao.

Nisalimie mkeo, mwambie ile sufu aliyoniletea nimeifanya shali na ninajifunika nikienda kupokea boti alfajiri. Mbusu Beatha. Mama anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Asheri anakusalimu, shemeji yako, anasema hana kinyongo na tivii. Asteria anakusalimu na anataka kujua kama kikao kitamrudishia kitambaa chake, maana nacho kilichukuliwa kama kizibiti. Kurwa hujamjua lakini anakusalimu.

Nimeiona boti inarudi. Loth yuko ncha ya mbele, amepiga magoti, upondo mkononi, sauti yake inafika mpaka huku. Wacha nikapokee samaki.

Mungu akulinde katika maji ya huko, ambayo nasikia ni baridi na hayana visiki, nawe utuombee sisi wa maji haya.

Wako akupendaye, na hapo ninakutaja wewe, Anderson, wala si mwingine,

Dada yako,
Justa.